Kuunganisha shule na kituo cha afya kwa ajili ya vijana: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila muhula ukianza, maswali ni yale yale. "Lazima tujenge zahanati ndani ya shule?" "Mzazi asaini kila kitu?" "Tuanze na huduma gani?" Halafu lipo lile ambalo mwalimu huuliza kwa sauti ya chini wengine wakishatoka: "Mbona tunawapa rufaa na hawaendi?"

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa kazi hii bila kuiomba: mwalimu wa unasihi, muuguzi wa kituo, mratibu wa afya ya vijana, au mkuu wa shule aliyechoka kuona wanafunzi wakikosa masomo kwa mambo yanayotibika. Nimefanya kazi hii upande wa kituo kwa miaka mingi, na makosa mengi utakayoyasoma hapa nimeyafanya mwenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Huduma zilizounganishwa na shule hutolewa na kituo cha afya kilicho nje ya shule, kwa makubaliano maalumu na shule hiyo. Kituo kinabaki kilipo, shule inabaki shule. Unachojenga wewe ni njia ya kati: nani anamtuma mwanafunzi, anafikaje, anapokelewa na nani, anarudije, na nani anajua kwamba amerudi. Ninaposema vijana namaanisha walio kati ya miaka 10 na 19, kama Shirika la Afya Duniani (WHO) linavyowahesabu. Mtoto wa miaka 10 na kijana wa miaka 19 hawana shida moja, na tutalirudia hilo.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha una vitu hivi mkononi:

- Mtu mmoja shuleni na mmoja kituoni wanaojulikana kwa majina, kila mmoja akiwa na msaidizi. Kamati haitoshi. Kamati haipokei simu saa tano asubuhi.
- Kituo ambacho mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi bila kupoteza siku nzima ya masomo.
- Kibali cha maandishi kutoka pande zote mbili, elimu na afya.
- Nakala ya sheria ya nchi yako kuhusu umri wa kutoa ridhaa ya matibabu. Isome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Katika nchi nyingi umri huo hubadilika kulingana na huduma: kupima VVU kuna umri wake, upasuaji una wake.
- Kabati lenye kufuli na funguo mbili tu.
- Daftari la rufaa shuleni, lingine kituoni, na karatasi za rufaa.
- Simu ya kazi. Usitumie simu yako binafsi, maana siku ukihama utaondoka na namba ambayo wanafunzi wote wameikariri.
- Chumba kimoja shuleni chenye mlango unaofungika, kwa siku ambazo wahudumu watakuja.

Kompyuta, bango la uzinduzi na fulana zinaweza kusubiri. Nimeona miradi iliyoanza na fulana ikafa kabla fulana hazijapauka.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupanga

Chukua wiki mbili. Wape wanafunzi vipande vya karatasi visivyo na majina, swali liwe moja: ni jambo gani la afya lililokusumbua muhula huu na hukujua umwambie nani? Wagawe kwa umri (10 hadi 14, kisha 15 hadi 19), na wasichana na wavulana wakae kando. Walimu watoke chumbani. Sanduku lifunguliwe na mtu wa kituo.

Kisha pitia daftari la mahudhurio la shule na rejista ya kituo. Angalia ni siku zipi wanafunzi hukosekana kwa wingi, na ni vijana gani wanaofika kituoni wakiwa wamechelewa sana.

Utashangaa. Ukiwauliza watu wazima shida za vijana, watakutajia mimba na dawa za kulevya. Vipande vya karatasi nilivyowahi kufungua mimi vilijaa meno, macho yasiyoona ubao, maumivu ya hedhi, kukosa usingizi, chunusi, na swali moja linalojirudia kwa mwandiko tofauti tofauti: "Je, mwili wangu uko sawa?" Mimba na dawa za kulevya zimo pia. Ila kijana hafungui mlango kwa jambo zito. Huanza na jino.

Hatua ya 2: Chagua huduma tatu, basi

Najua orodha yako ina kumi na mbili. Zipunguze zibaki tatu, na ziwe za aina hizi:

Moja iwe ya kuonekana haraka. Upimaji wa macho unafaa sana kwa sababu mzazi huona matokeo ndani ya wiki chache na huduma haina aibu yoyote.

Ya pili iwe ya kinga. Mara nyingi ni chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo walengwa wake wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu mwishoni mwa 2022, WHO inakubali ratiba ya dozi moja kwa wasichana wa umri huo, ila wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, wanahitaji zaidi ya moja. Ratiba ya kufuata ni ya nchi yako. Palipo na upungufu mkubwa wa damu, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi mara moja kwa wiki kwa wasichana walioanza hedhi ni chaguo zuri pia, na shule inaweza kuvisimamia bila shida.

Ya tatu iwe ile ngumu: afya ya akili au afya ya uzazi. Usiiache kwa kisingizio kwamba bado mapema. Usiianze peke yake pia, kwa sababu kituo kinachojulikana kwa huduma hiyo tu hakuna mwanafunzi atakayekubali kuonekana akiingia.

Tahadhari: usipime usichoweza kutibu. Kabla ya kupima macho, jua miwani itatoka wapi. Kabla ya kuuliza kuhusu sonona, jua ni nani atakayemwona kijana huyo wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano

Kurasa mbili zinatosha. Yawemo majina ya wahusika na wasaidizi wao. Siku na saa zilizotengwa kwa wanafunzi. Huduma zinazotolewa na zisizotolewa. Taarifa gani inatoka kituoni kwenda shuleni na ipi haitoki. Nini kifanyike dharura ikitokea. Na mtu akihamishwa, makabidhiano yanafanywaje. Mkuu wa shule na mganga mfawidhi wasaini, nakala ibaki kila upande.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu mwanzoni watu wanaelewana. Sisi tuliwahi kuendesha kazi nzuri kabisa kwa urafiki tu kati yangu na mwalimu mkuu mmoja. Akahamishwa. Aliyemfuata aliona wanafunzi wakitoka getini saa nane, akauliza kwa kibali gani, na sikuwa na hata karatasi ya kumwonyesha. Tulianza upya.

Hatua ya 4: Tengeneza ridhaa na usiri

Hapa kaa. Ukikosea hapa, kila kitu kingine kitaanguka hata kama dawa zimejaa kabatini.

Anza kwa kupanga huduma zako katika mafungu matatu: zinazohitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, zile ambazo sheria inamruhusu kijana kuridhia mwenyewe, na dharura zisizosubiri saini ya mtu. Muombe mwanasheria au ofisa wa afya ahakikishe mafungu hayo, kisha yabandike ndani ya mlango wa kabati.

Fomu ya mzazi itolewe mwanzoni mwa mwaka, itaje kila huduma kwa jina na kwa lugha ya nyumbani, na kila huduma iwe na kisanduku chake. Sentensi kama "naridhia mwanangu apate huduma za afya" haina maana yoyote. Siku utakapoitumia, mzazi atakwambia hakujua, na atakuwa anasema kweli. Fomu isiporudi, usihesabu kuwa mzazi ameridhia wala kwamba amekataa. Piga simu. Na hata mzazi akisaini, muulize kijana mwenyewe. Ridhaa ya mzazi haimshikilii mtoto mkono kwa ajili ya sindano.

Sasa usiri. Kijana anatakiwa ajue mipaka yake katika dakika ya kwanza, kabla hajasema chochote. Mimi husema hivi:

"Tutakayozungumza hapa yanabaki hapa. Yapo matatu ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu: kama uko katika hatari ya kujidhuru, kama unataka kumdhuru mtu, au kama kuna mtu anakuumiza. Ikitokea moja kati ya hayo, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuambiwa nitamwona nani."

Usiahidi "sitamwambia mtu yeyote". Ukija kuvunja ahadi hiyo kwa mwanafunzi mmoja, shule nzima itajua kabla ya kengele ya kutoka.

Mwalimu ana haki ya kujua nini, basi? Mambo mawili: kwamba mwanafunzi alifika, na kitu ambacho shule inatakiwa kufanya. "Akae mbele." "Aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba." "Asikimbie michezoni kwa wiki mbili." Ugonjwa hauandikwi. Kama mwalimu anahitaji kujua zaidi ili amsaidie, kijana aulizwe na akubali.

Makosa ya kawaida: kutuma orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp la walimu, kusoma majina ya "watakaoenda kliniki" mstarini asubuhi, kuhifadhi fomu za ridhaa pamoja na ripoti za mitihani, kumpigia mzazi simu mbele ya watu ofisini.

Hatua ya 5: Jenga njia ya rufaa

Karatasi ya rufaa iwe na sehemu tatu. Moja inabaki shuleni, moja anakwenda nayo mwanafunzi, na ya tatu inarudi kutoka kituoni kama mrejesho. Badala ya jina la tatizo, iwe na namba ya mwanafunzi, tarehe, na alama ya "leo hii" au "wiki hii".

Nitakueleza kwa nini naikazania karatasi hii. Karatasi zetu za kwanza zilikuwa za rangi ya waridi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Ndani ya mwezi mmoja "karatasi ya pinki" ikawa jina la utani. Siku moja alikuja msichana wa kidato cha pili, akasimama mbele ya meza yangu bila kusema neno. Alivua kiatu cha kulia. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho, namba haisomeki. Alikuwa ametembea nayo hivyo tangu darasani ili mtu asiione. Wiki iliyofuata tulichapisha karatasi mpya nyeupe, ukubwa ule ule na maneno yale yale ya kibali cha kutoka shuleni cha siku zote. Aliyekwenda kituoni na aliyekwenda kumpokea mgeni wakawa na karatasi moja. Idadi ya waliofika ilipanda bila sisi kutoa semina yoyote.

Mengine ya kupanga:

- Saa. Tengeni saa mbili kwa wiki, ikiwezekana baada ya vipindi, ambapo wanafunzi hawapangi foleni ya kawaida. Msichana hatakaa kwenye benchi moja na jirani wa mama yake.
- Anayemsindikiza. Mdogo asindikizwe. Mkubwa aulizwe kama anataka kusindikizwa na nani. Rafiki ni jibu zuri kuliko unavyodhani.
- Ufuatiliaji. Kila Ijumaa wahusika wawili wapigiane simu dakika kumi: tuliwatuma wangapi, wamefika wangapi, nani hajafika. Tumieni namba, msitumie majina.

Hatua ya 6: Andaa kituo, ukianzia getini

Watu hupeleka daktari na muuguzi kwenye mafunzo, wakamsahau mlinzi. Kijana hukutana na mlinzi kwanza, kisha mtu wa mapokezi, kisha benchi, kisha mtu wa dirisha la dawa. Mmoja wao akisema "Na wewe umefuata nini huku, mbona una sare?" basi mmempoteza, na pengine na wenzake watano.

Kaeni na wote hao kwa nusu siku. Wape maneno ya kusema, hata matatu tu: "Karibu. Kaa hapa. Utaitwa." Hakuna swali la sababu ya kuja mbele za watu.

Ndani ya chumba, mhudumu amwone kijana peke yake kwa sehemu ya mazungumzo, hata kama mzazi amekuja. Mzazi aelezwe mapema kwamba ndivyo tunavyofanya kwa vijana wote, ili asidhani kuna siri mahsusi ya mwanawe. Maswali yaanze na mambo mepesi na kwenda kwenye mazito: nyumbani kukoje, shuleni, kula na kulala, marafiki na michezo, kisha ulevi, mahusiano, huzuni na mawazo ya kujidhuru, usalama. Mpangilio huo unatumika sehemu nyingi duniani na una sababu. Ukianza na mahusiano, utapata jibu la "hapana" kwa kila kinachofuata.

Kuhusu kujidhuru, wahudumu wapya huogopa kuuliza wakidhani watampa kijana wazo. Kuuliza moja kwa moja, kwa upole, hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni mpaka mtu mwenye ujuzi amwone.

WHO na UNAIDS walitoa mwaka 2015 viwango vinane vya ubora wa huduma za afya kwa vijana. Unaweza kuvitumia kujikagua. Mimi hutazama kwanza kile cha nane, ushiriki wa vijana wenyewe, kwa njia rahisi: chagua wanafunzi wawili wakubwa wanaojiamini, waende kituoni kama wateja, kisha wakusimulie kila kitu tangu getini. Utasikia mambo ambayo hakuna fomu ya ukaguzi itakayokuonyesha.

Hatua ya 7: Fanya siku ya kwanza ya huduma ya mkoba

Siku hii wahudumu wanakuja shuleni. Anzeni na macho. Vifaa ni chati ya kupimia, kamba ya mita 6, kadi ngumu ya kuziba jicho, na mwanga wa kutosha.

1. Tundika chati usawa wa macho ya mwanafunzi aliyekaa, mahali ambapo jua halimpigi usoni.
2. Pima mita 6 kwa kamba. Usikadirie kwa hatua za miguu, kwani chati nyingi zimechorwa kwa umbali huo na kosa la mita moja linabadilisha matokeo.
3. Jicho moja lizibwe kwa kadi. Akiziba kwa kiganja, atachungulia kati ya vidole au atalibonyeza jicho na kuona ukungu.
4. Asome kuanzia juu. Asiyeweza kusoma mstari wenye alama ya 6/12 kwenye chati, hata kwa jicho moja tu, apewe rufaa.
5. Wanaosubiri wakae nje. La sivyo, wa kumi atakuwa amekariri herufi zote na utampa cheti cha macho mazuri mtoto asiyeona ubao.

Mwenye miwani apimwe akiwa ameivaa. Ndiyo, kuna watu huwavua.

Siku hiyo hiyo, mhudumu mmoja akae kwenye chumba chenye mlango unaofungika, bila tangazo lolote. Waambie tu wanafunzi kwamba sista yupo mpaka saa tisa kwa mwenye swali lolote. Wataanza kuja saa nane na nusu.

Hatua ya 8: Andaa kadi za wenye magonjwa ya kudumu

Pumu, kisukari, kifafa, selimundu na mengineyo. Kila mmoja awe na kadi ya ukurasa mmoja: anatumia dawa gani, dalili za hatari, cha kufanya, namba ya kupiga. Kadi ijazwe na kituo pamoja na mzazi na kijana, na iwafikie tu walimu wanaohusika.

Matatu ya kukumbuka. Kipulizi cha pumu kikae na mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu kikifungiwa ofisini siku ya hatari mwenye ufunguo atakuwa mkutanoni. Anayepata degedege la kifafa usimtie chochote mdomoni: mwondolee vitu vya kumuumiza, mlaze kwa ubavu linapotulia, tazama saa, na likipita dakika 5 piga simu ya dharura. Mwenye kisukari aliyeshuka sukari na bado anaweza kumeza apewe takriban gramu 15 za sukari ya haraka, asubiriwe dakika 15, apimwe tena. Akiwa hajitambui, hapewi kitu mdomoni. Anapelekwa hospitali.

Kwa wanafunzi wa bweni wanaotumia dawa kila siku, zikiwemo za VVU, tafuteni mahali na saa ya kumeza isiyomtangaza mtu. Kumwita mmoja kila siku saa mbili usiku ni kumtangaza.

Hatua ya 9: Panua, kimoja kwa wakati

Baada ya miezi mitatu tazama namba nne: waliopewa rufaa, waliofika, waliorudi na mrejesho, na siku zilizopita kati ya rufaa na kufika. Namba ya kwanza ndiyo inayopendwa kwenye ripoti, nayo ndiyo isiyosema kitu. Kutoa rufaa mia ni kuandika karatasi mia.

Wengi wakifika na mrejesho ukirudi, ongeza huduma moja. Ikitulia, ongeza shule moja. Usiongeze huduma na shule kwa mpigo, kwa sababu mambo yakiharibika hutajua kilichoharibu ni kipi. Na unapoongeza shule, angalia uwezo wa kituo: saa mbili zilizotosha shule moja hazitoshi tatu. Nilikubali shule ya nne kwa kuona haya kukataa, tukaishia kuwaweka vijana benchini hadi jioni, na waliotukimbia kwanza ni wale wa shule ya mwanzo.

Wafikirie pia wanaomaliza shule. Mwenye matibabu yanayoendelea akabidhiwe kwa kituo cha huko aendako, akiwa na barua na jina la mtu wa kumwona, kabla ya mtihani wa mwisho.

MAMBO YAKIKWAMA

Wanapewa rufaa, hawafiki. Usianze kuwahutubia. Tembea njia yenyewe kutoka darasani hadi kituoni, siku na saa ile ile. Mara nyingi utakuta kimoja kati ya hivi: saa inagongana na mazoezi au usafiri wa kurudi nyumbani, karatasi inawatangaza, au kuna mtu mmoja mapokezi anayewakimbiza.

Uvumi kuhusu chanjo. Simamisha zoezi siku moja kama ni lazima, itisha wazazi, na mwache mhudumu wanayemjua ajibu kila swali, hata lile la ugumba. Chanjo ya HPV haisababishi ugumba, na hilo lisemwe wazi bila kumcheka aliyeuliza. Anayekataa aachwe aende kwa heshima. Wengi hurudi.

Wavulana hawaji. Wanadhani ni mambo ya wasichana, na mara nyingi mabango yenu ndiyo yamewaambia hivyo. Anza na majeraha ya michezo na meno. Ikiwezekana, siku moja kwa mwezi awepo mhudumu wa kiume.

Kijana alifika, dawa hakuna. Mweleze ukweli, mpe tarehe, na umpigie wewe dawa ikifika. Kumwambia "pita pita siku nyingine" ni kumfukuza.

Mhudumu wetu amehamishwa. Fungua makubaliano ya hatua ya 3. Anayeondoka amtambulishe anayeingia kwa wanafunzi ana kwa ana, wiki moja kabla.

Likizo imefika. Kabla ya kufunga shule, pitia daftari: nani yuko katikati ya dozi, nani anafuatiliwa kwa sonona, nani anaogopa kurudi nyumbani. Huyo wa mwisho ashughulikiwe kabla ya wote, pamoja na ustawi wa jamii, na mpango uandikwe kabla hajapanda gari.

Mzazi amekuja juu, anataka kujua mwanawe alisema nini. Mketishe, msikilize mpaka amalize, mwonyeshe fomu aliyosaini na sheria inasemaje. Kisha muulize kijana kama yuko tayari mzungumze watatu. Mara nyingi hukubali, mradi wewe ndiye utakayeanza kusema.

Shule inataka mwapime wasichana wote mimba. Hili litakuja, na litakuja kwa adabu, pengine na barua yenye muhuri. Kataa. Kipimo cha lazima kwa ajili ya nidhamu hakiendi na ridhaa wala usiri uliouahidi, na ukikifanya mara moja hakuna msichana atakayeingia tena chumbani mwako hata kwa kuumwa kichwa. Jibu kwa maandishi, taja kifungu cha makubaliano, na pendekeza mwalimu wa unasihi awe anakutumia mwanafunzi mmoja mmoja anayehitaji msaada. Mkuu wa shule akisisitiza, mwambie ofisi iliyosaini kibali ndiyo ya kujibu, na umpe namba yao.